Macho Yangu Yaliyotengenezwa Nairobi

Ninaandika haya kwa ajili ya yule ambaye ameambiwa kwamba kuna mashine Nairobi inayoondoa miwani usoni mwa mtu kwa siku moja. Mimi nilienda. Sitaki kumtisha mtu. Jicho langu la kulia linaona vizuri nikivaa miwani, la kushoto linaona kiasi, na daktari anasema ule ubaya wenyewe umepita. Lakini kuna mambo ambayo sikuambiwa, na mengine niliambiwa nikayaona madogo. Kwa mdomo siwezi kuyasema yote. Nikiwa mbele ya watu maneno yangu huisha mapema. Labda kwa kalamu nitafika mwisho.

Naitwa Nekesa. Tunakaa Kibomet, hapa Kitale, mimi na mama. Baba alipofariki, dada yake aliyeajiriwa serikalini kule Bungoma alishika nafasi yake. Kwetu shangazi tunamwita senge, na Senge akisema jambo ni kama baba amelisema. Ndiye aliyenipeleka shule ya bweni Bungoma, ili awe karibu nami.

Macho yangu yalianza kukataa mbali nikiwa bado shule ya msingi. Ubao ulikuwa ukiyeyuka. Nilipewa miwani, na kila mwaka kioo kilizidi unene, mpaka nilipofika kidato cha tatu ilikuwa kama nimebeba matako mawili ya chupa za soda usoni. Wasichana bwenini waliniita Soda. "Soda, uko baridi ama uko moto?" Nilicheka nao, kisha nikaenda kulia chooni. Shule ya wavulana ilipokuja kwetu kwa sherehe ya muziki niliivua miwani nikaificha kwenye soksi, nikakaa jioni nzima nikitabasamu na ukuta, kwa sababu nilidhani ni mtu. Rafiki yangu Chebet, ambaye kwao ni juu Mlima Elgon, alinishika mkono akanigeuza. "Wewe bana, huyo unamchekea ni nguzo."

Senge alisikia hadithi hiyo na hakucheka. Alisema, "Msichana mzuri hivi, amefungiwa ndani ya dirisha." Alikuwa amesoma gazetini kuhusu miale inayoitwa leza. Mwezi wa kumi na moja, shule zilipofungwa, tulipanda basi la usiku yeye na mimi.

Chumba cha kungojea cha kliniki ile kilikuwa na zulia, na sisi tulikuwa na vumbi la Kitale kwenye viatu. Niliificha miguu yangu chini ya kiti. Daktari alikuwa mpole. Aliuliza, "Ana miaka mingapi?"

"Kumi na tisa," Senge akasema.

Nilikuwa na kumi na saba.

"Na namba ya miwani yake, imebadilika mwaka huu?"

"Hapana, daktari. Imekaa tu hapo hapo."

Ilikuwa imebadilika mara mbili mwaka huo. Sasa najua kwa nini aliuliza: jicho ambalo bado linabadilika halifai kupigwa leza, kwa sababu litaendelea na safari yake hata baada ya kutengenezwa. Wakati huo sikujua, na hata kama ningejua nisingesema. Kwetu senge akikuongelea mbele ya mgeni, huingilii. Nilitazama zulia. Senge hakuwa mwongo kwa tabia. Aliogopa tu turudishwe nyumbani baada ya safari yote ile.

Kazi yenyewe ilikuwa fupi. Walitia matone ya ganzi, wakazuia kope zisifunge, wakaparua ngozi nyembamba ya juu ya jicho. Niliambiwa nitazame taa nyekundu. Mashine ililia ta-ta-ta-ta kama cherehani, na nikasikia harufu ya nywele zikiungua. Lilikuwa jicho langu. Baada ya hapo ganzi iliisha, na nyumbani kwa rafiki ya Senge nililala nikiwa nimefunikwa shuka kichwani, machozi yakitoka bila kulia, kama mtu aliyesuguliwa machoni na mchanga wenye pilipili. Senge alikaa kitandani akinikanda mgongo. Sijawahi kumwona akiwa na huruma namna hiyo, na hilo ninaliweka hapa kwa sababu baadaye tulikosana.

Tulipoondoka daktari alitupa matone ya kutia kwa miezi kadhaa, na miwani nyeusi. Akasema kwa Kiswahili kilichonyooka kabisa: "Usitembee juani bila hii mpaka nikuambie. Jua la kwenu huko juu ni kali kuliko mnavyodhani."

Na nikaona.

Sitaki kuieleza sana sehemu hii. Mama alikuja kutupokea kituoni Kitale na nilimwona kabla hajaniona, akiwa bado mbali, akisimama kwa vidole vya miguu ili atafute kichwa changu kati ya watu.

Jumapili iliyofuata alinipeleka kanisani kutoa ushuhuda. Kanisani kwetu mtu aliyepona hasemi tu asante akakaa. Anasimama, anaeleza, anathibitisha. Nilikuwa nimevaa ile miwani nyeusi. Mama akaninong'oneza, "Toa hiyo. Utasimama mbele ya Bwana kama jambazi wa sinema?" Nikaitoa. Mzee wa kanisa aliniweka nyuma kabisa mlangoni na kuniambia nisome namba za nyimbo zilizoandikwa kwa chaki mbele. Nilizisoma zote. Akina mama walipiga vigelegele, na mimi nisiyeweza kusema jina langu mbele ya watu watatu nilisikia joto tamu likipanda mwilini. Watu walinishika mikono mpaka nje.

Tangu siku hiyo sikuweza kuivaa tena. Ningepita Kibomet na miwani nyeusi, watu wangesema nini? Ati ile kitu haikushika? Ama ningeonekana nimekuja na maringo ya Nairobi. Mama alinikumbusha mara moja mbili, kisha naye akasahau, au akafurahi kunitazama usoni. Krismasi ikapita. Januari ilikuwa kavu na nyeupe, na sisi tulikuwa na mahindi ya kuanika. Yanaanikwa kwenye turubai, na mtu lazima akae nayo afukuze kuku, ayageuze, tangu umande ukauke mpaka jioni. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Nilikaa pale siku nzima, jua juu, mng'aro wa mahindi chini, macho mapya katikati.

Niliporudi shule kwa kidato cha nne ukungu ulianza. Taa za darasani jioni zilivaa pete. Halafu ubao ukawa kama mtu ameumwagia maziwa. Jicho la kushoto lilianza, la kulia likafuata. Niliwaza ni uchovu, nikawaza ni vumbi la chaki. Matone niliyokuwa nimepewa yalikuwa yameisha na sikumwambia Senge anunue mengine.

Ugonjwa huu hauvimbi na hautoi usaha. Unaweza kuuficha. Mimi niliuficha kwa ustadi mkubwa. Nilijifunza kumjua mtu kwa mwendo, kwa sauti ya viatu, kwa rangi ya sweta. Nilinakili kutoka kwa daftari la Chebet. Mwanzoni hakuuliza. Halafu siku moja akasema, "Soda, si ulitengenezwa?"

"Nilitengenezwa."

"Sasa mbona unanusa kitabu yangu?"

Nilimwambia nina mafua. Akasogeza daftari karibu nami, na tangu siku hiyo akaanza kuandika kwa herufi kubwa kubwa bila kusema neno.

Nilifikiri nini? Nilifikiria kanisa. Nilifikiria vile vigelegele. Nilifikiria Senge, na lile jina la mashine aliloweza kulitamka vizuri akiwa na wenzake wa chama cha akina mama. Afadhali nisione kuliko wajue kwamba sioni. Ninajua ni upumbavu. Lakini ukiwa ndani yake unauona kama adabu.

Kosa langu lilifichuliwa sokoni Chwele.

Tulikuwa tumefunga katikati ya muhula na nilikuwa kwa Senge, akanituma Chwele siku ya soko nimletee ndizi za kupika. Jua lilikuwa kali, na jua ndilo lililokuwa likinimaliza kabisa. Mbele yangu kulikuwa na weupe wenye rangi rangi zinazotembea. Nilishika njia kati ya wauza kuku. Mwanamke mmoja alisimama mbele yangu akanyoosha mkono. Nilijua ni muuzaji anayetaka ninunue. Nikageuza bega, nikampita. Nyuma yangu wanawake wakacheka, mmoja akasema, "Woi, watoto wa siku hizi!" Nikafurahi kwamba nimepita bila kununua kuku.

Yule mwanamke alikuwa Kukhu, nyanya yangu, mama mzazi wa baba. Alikuwa ametoka Kamukuywa na kuku zake. Aliniona nikija, akanyamaza anisubiri, kwa sababu mdogo ndiye anayeanza kusalimu. Aliposubiri vya kutosha alivunja heshima yake mwenyewe akanyoosha mkono kwanza. Nami nikauacha hewani mbele ya wenzake.

Kwetu unaweza kumkosea mtu kwa mambo mengi na yakasemwa yakaisha. Kumnyima salamu ni kumwambia amekufa.

Alikuja nyumbani kwa Senge Jumapili, na mama akaitwa kutoka Kitale. Kukhu hakutaka chai. Alikaa karibu na mlango na mkoba wake mapajani.

"Mimi nirisimama pare," alisema, na sauti yake haikupanda. "Mtoto ya kijana yangu akanipita kama mti. Watu wakacheka. Nimekuja kuuriza, nimekosa nini?"

Mama akanigeukia. "Nekesa! Ulimpita Kukhu?"

Nilipiga magoti. Nilisema, "Nisamehe, Kukhu."

"Nisamehe ni ya nini? Uriniona ama hukuniona?"

Hapo ndipo nilipokuwa na njia mbili mbele yangu, na nitasema ukweli: nilifikiria kuchagua ile ya maringo. Ningesema, ndiyo, nilikuona, niliona haya kwa sababu nilikuwa na wenzangu wa shule. Wangenichapa maneno, wangenilaani kidogo, na macho yangu yangebaki mazuri. Nilifungua mdomo kusema hivyo.

Senge akaniwahi. "Mama, hawezi kukosa kukuona. Huyu sasa anaona kuliko sisi wote. Ni tabia tu, imeharibika."

"Nyamaza," Kukhu akamwambia. Sijawahi kusikia mtu akimwambia Senge neno hilo. Akainua kitu kutoka sakafuni kando ya kiti chake. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake na mwanga wote ulikuja usoni mwangu. "Nekesa. Nimekuretea kuku. Ni ya rangi gani?"

Nilikaza macho. Kulikuwa na kitu kikubwa, cha mviringo.

"Ni... nyeupe, Kukhu. Na wekundu kidogo shingoni."

Mama akatoa sauti kama mtu aliyekanyaga mwiba.

"Hii ni mfuko ya unga," Kukhu alisema.

Sijui kama umewahi kuona aibu inayotoka miguuni. Nilisikia nyayo zangu zikiwaka. Senge alianza, "Lakini alitibiwa na madaktari wakubwa—"

"Madaktari wakubwa wako wapi? Hapa tuko sisi na mfuko ya unga." Kukhu aliuweka chini, akaja pale sakafuni nilipokuwa, akapiga magoti naye, mzee yule, akanishika mashavu mpaka pua zetu zikakaribiana. "Sasa unaniona?"

"Sasa nakuona."

"Basi unisarimie."

Nikamsalimu. "Mulembe, Kukhu." Nililia mpaka kamasi zikamwagika kwenye mikono yake.

Mama na Senge waligombana jikoni. Mama alisema Senge ndiye aliyemharibu mtoto. Senge alisema mama ndiye aliyemvua miwani nyeusi kanisani. Yote yalikuwa kweli, na mimi nilikuwa sebuleni nikisikiliza nikijua kwamba katikati ya kweli hizo mbili kuna miezi ambayo niliona ukungu nikanyamaza, na hiyo haikuwa ya Senge wala ya mama. Hawakuongea tena mpaka maharage yalipovunwa. Ugonjwa wa mtu mmoja hulala kwenye vitanda vya wote.

Nairobi tulirudi na mvua za masika. Zulia lilikuwa lile lile. Daktari alimulika jicho la kushoto kwa muda mrefu, akavuta pumzi. "Ulivaa miwani nyeusi?"

Nilimngoja Senge ajibu. Alikuwa akitazama mkoba wake.

"Hapana, daktari," nikasema. "Na sina miaka kumi na tisa. Namba yangu pia ilikuwa inabadilika."

Daktari aliweka kalamu chini. Hakunikemea. Alisema kuna kovu jembamba, kama ukungu wa baridi kwenye kioo cha dirisha, na kwamba tungekuja mapema lingekuwa jepesi. Kwa mara ya kwanza aliniuliza mimi maswali yote, na nikayajibu moja moja, huku Senge akizidi kuwa mdogo kwenye kiti chake. Sikufurahi. Nilitaka aseme kitu. Alisema tu alipofika nje kwenye ngazi: "Ungenivuta nguo tu, Nekesa. Ile siku ya kwanza. Ningejua." Huenda ni kweli. Sidhani.

Matibabu yalikuwa matone makali, kila saa, mchana kutwa. Yanateremka kooni na kuacha uchungu kama wa dawa ya malaria. Mwalimu wa zamu aliniruhusu niyatie darasani, na Chebet ndiye aliyekuwa akiniambia "Soda, saa imefika," katikati ya historia, na darasa zima linageuka. Nilitamani ardhi inimeze, lakini nilitia. Kisha matone yenyewe yakaleta shida nyingine: kichwa kiliuma nyuma ya jicho, na daktari alipopima shinikizo la macho alikuta limepanda, akayapunguza, akaongeza dawa nyingine. Kila safari niliombewa nyumbani, na kila safari niliogopa kurudi na jibu.

Polepole ukungu ulipungua. Mvua zikaisha, maharage yakavunwa, na jicho la kulia likasafika karibu lote. La kushoto likasafika pembeni likakataa katikati. Uono hafifu wa mbali nao ulirudi, kama daktari alivyosema utarudi, na mwezi wa nane nikavaa miwani tena, nyembamba kuliko ile ya kwanza. Siku niliyoingia nayo bwenini nilisubiri waanze. Mmoja akasema, "Ai, Soda amekuwa glasi ya maji," wakacheka, nami nikacheka, na sikwenda chooni.

Mtihani niliufanya nikiwa dawati la mbele. Grafu ndiyo iliyonishinda, kwa sababu ile mistari myembamba hujificha. Matokeo bado.

Wewe unayefikiria kwenda, ukiulizwa swali jibu mwenyewe, hata kama aliyeketi kando yako amekulea. Ukipewa miwani nyeusi, vaa, wakuite majina wanayotaka. Na ukiona pete kwenye taa, sema siku hiyo hiyo.

Desemba hii, Senge alipokuja Kibomet kwa mara ya kwanza tangu agombane na mama, wageni wengine waliingia: mama mmoja kutoka Kamukuywa na binti yake Naliaka, wa rika langu, vioo vyake vinene kama vyangu vya zamani. Mwaka jana Senge aliwasifia leza kwenye chama. "Tumekuja kuona ile macho ya Nairobi," mama yule alisema kwa furaha, kisha akaiona miwani usoni mwangu na kicheko chake kikakosa pa kukaa.

Nilimtazama Senge. Midomo yake ilifunguka.

"Muulizeni mwenyewe," akasema.

Niliwaeleza. Nilikwama mara nyingi, na mahali pa kanisa nilitazama chini. Naliaka alisikiliza yote, halafu akauliza kile ambacho sikutaka kuulizwa. "Lakini kabla ya ukungu. Ilikuwaje?"

Ningeweza kumdanganya. "Ilikuwa tamu," nikasema. "Nilikuwa naamka na kuona misumari ya paa. Naona mvua ikiwa bado mlimani." Nikaona uso wake ukiwaka, nikaona haya, kwa sababu nilikuwa nimelibomoa onyo langu mwenyewe, na kwa sababu hata sasa ninaitamani hali ile.

"Basi ni nzuri," alisema.

Nikamwambia atoke aende asimame langoni. Nikafunika jicho la kulia. "Haya, fanya kitu."

Kulikuwa na mti mfupi wa bluu uliosimama langoni. Ni yeye, na bluu ile ni gauni lake.

"Nimefanya nini?" akaita.

"Sijui."

"Si uangalie vizuri!"

"Ninaangalia."

"Nimekutolea ulimi!" Akacheka kwa nguvu, na mama yake akamkemea, "Naliaka! Kwa nyumba ya watu?" Halafu kicheko kikakatika pale pale.

"Tutangoja," mama yake alisema hatimaye. Walituaga kwa heshima na kushika njia ya Kitale mjini. Sikuondoa mkono kwenye jicho la kulia, nikawasindikiza kwa lile la kushoto, nalo halikuchukua muda kuwapoteza.